Folda Iliyochelewa Kufutwa

Chumba cha mashine kilikuwa na baridi ya kuuma masikio. Inspekta alipandisha kola ya koti lake, akasimama katikati ya makabati ya chuma yaliyojipanga kutoka ukuta hadi ukuta. Ndani ya kila kabati taa ndogo za kijani zilikuwa zikikonyeza, na feni zilinguruma kiasi kwamba mtu alilazimika kusogea karibu ili asikilizane na mwenzake.

Msimamizi wa mitambo alikuwa amevaa kofia ya sufu. Pale kazini walimwita Foleni.

"Jina hilo lilitokea wapi?" Inspekta aliuliza.

"Kompyuta zote hizi unazoziona, mama, zinafanya kazi kama moja. Tunaiita klasta. Watafiti wote wa taasisi wanaitumia kwa pamoja. Mtu anaandika hesabu zake kwenye programu ya takwimu, anazituma huku, zinapanga foleni, zamu yake ikifika zinaendeshwa. Anayesubiri hunitukana mimi. Mwenye haraka huniletea soda. Soda nakunywa, foleni haisogei."

"Na Kitinda alikuwa akikuletea soda?"

Tabasamu la Foleni lilipungua. "Huyo nilikuwa nampelekea mimi."

Inspekta hakuwa na haraka. Alikuwa ameitwa asubuhi ile na Mkurugenzi wa taasisi, na habari aliyopewa ilikuwa fupi. Nafasi ya mtafiti mkuu ilikuwa moja. Majina yaliyobaki yalikuwa mawili, na wenye majina hayo walikuwa ndugu wa tumbo moja. Mdogo, aliyeitwa Kitinda kwa kuwa ni kitinda mimba wa mama yao, angewasilisha kazi yake mbele ya jopo kesho asubuhi. Dada mtu angemfuatia. Tangu majina yatangazwe, Mkurugenzi alikuwa amewapiga marufuku kutazamiana kazi. Atakayechungulia ya mwenzake, jina lake linaondolewa. Wote wawili walitia saini.

Leo Kitinda amefungua klasta akakuta folda yake haipo. Kazi yake yote ilikuwa mle. Kabla hata hajakaa chini alikuwa ameshamtaja mwizi: ni dada, hakuna mwingine. Mkurugenzi alitaka jibu kabla ya jioni. Likiwa ni hilo la Kitinda, dada mtu angetoka pale ndani ya gari la polisi.

Inspekta alianza na Foleni kwa sababu moja tu. Foleni ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kila mlango ndani ya mashine zile.

"Wewe ungeweza kuifuta?"

"Kwa amri moja. Hata ya Mkurugenzi naweza."

"Nasikia ulimposa Kitinda."

"Nilimposa, akanikataa. Nikanywa maji, nikarudi kazini. Kama kila aliyekataliwa angefuta mafaili, nchi nzima ingekuwa inaandika kwa mkono."

"Na mchumba wake wa sasa unamfahamu?"

"Yule muuza miwani?" Foleni alibetua midomo. "Simjui. Ana kigari cha bluu, kile cha milango miwili. Taa ya nyuma mbovu. Simjui kabisa."

Inspekta alitazama pembeni ili asicheke. "Tuache miwani. Folda ikipotea bila mtu kuifuta, inapoteaje?"

"Kwa fagio." Foleni alionekana kupumua, maana sasa aliulizwa mambo ya kazi yake. "Mafaili mazito hukaa kwenye nafasi ya wote, tunaiita uwanja. Sasa uwanja si ghala. Kuna programu inapita yenyewe kila siku. Faili likikaa mwezi mzima bila kufunguliwa na mtu yeyote, linazolewa. Na likizolewa halirudi, hakuna nakala. Kila mtu anajua."

"Basi ni fagio."

"Ndivyo nilivyomwambia Kitinda. Akanijia juu. Folda hiyo imekaa pale tangu mwaka jana, fagio likapita na kupita lisiiguse. Kwa nini liiguse leo, kesho akiwa na jopo?"

"Swali zuri. Kwa nini halikuigusa siku zote hizo?"

Foleni alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. "Yeye anajua kwamba niliisamehe. Folda ikisamehewa, fagio linairuka."

"Uliisamehe?"

"Nilimwambia nimeisamehe."

"Sikukuuliza ulimwambia nini, baba."

Foleni akainama, akasema kwa sauti ambayo Inspekta aliisoma zaidi midomoni kuliko kuisikia. "Sikuisamehe. Sina mamlaka hayo, ni ya Mkurugenzi. Lakini nilikuwa bado naposa, mama. Mtu akiwa anaposa anaahidi hata mvua."

*

Kitinda alikuwa kwenye chumba cha mikutano, amekaa peke yake kwenye meza ya watu wengi. Macho yake yalikuwa makavu, lakini alikuwa ameng'ata kifuniko cha kalamu mpaka kimepoteza umbo.

"Mmemkamata?"

"Bado nauliza. Folda ilikuwa na nini?"

"Modeli zangu za surua. Nakadiria ugonjwa utazuka wapi kabla haujazuka, ili chanjo itangulie."

"Na huwezi kuwasilisha bila hizo?"

"Nina muhtasari kwenye kompyuta yangu, kurasa za picha na maelezo. Jopo linataka modeli zenyewe, waziendeshe mbele yangu, wazijaribu kwa maswali yao. Bila hizo mimi ni mpiga domo tu. Na kuzitengeneza upya ni wiki na wiki za foleni."

"Mara ya mwisho uliifungua lini hiyo folda?"

"Mwaka jana, hesabu zilipokamilika. Nikatoa muhtasari, nikahamia kuandika. Sikuwa na sababu ya kurudi mle."

"Una hakika?"

"Inspekta, mimi nahesabu kwa riziki. Nina hakika."

Inspekta alivuta kiti, akakaa. "Kwa nini unasema ni dada yako?"

"Wewe una dada?"

"Ninaye."

"Mkubwa?"

"Mkubwa."

"Basi unajua."

"Nieleze kama nisiyejua."

Kitinda aliitupa kalamu mezani. "Programu ya takwimu amenifundisha yeye. Alikuwa akinishika vidole kwenye kibodi kama mtoto wa chekechea. Nikikosea ananipiga kikofi cha kisogo, nikipatia ananipa peremende. Nilimpenda kufa. Halafu siku moja makadirio yangu yakawa karibu na ukweli kuliko ya kwake, na tangu siku hiyo hajala na mimi chakula cha mchana. Nikiingia jikoni kuchukua chai, yeye ameshiba. Nikisifiwa kwenye kikao, yeye anatafuta kitu kwenye mkoba. Ana kijiba cha roho, dada yangu. Kimemkaa hapa." Akajigusa koo.

"Nani wengine walikuwa na ruhusa ya kuifungua?"

"Ilikuwa folda ya mradi wetu wa zamani, sikuwahi kubadilisha ruhusa. Tuliweza kuisoma watatu, mimi, yeye na Mkurugenzi. Lakini Mkurugenzi hata barua pepe anachapiwa kwenye karatasi."

"Kusoma. Na kufuta?"

"Kufuta ni mimi tu."

"Basi dada yako hakuweza."

"Anajua nywila yangu. Alinitungia yeye, siku ya kwanza."

"Na hujawahi kuibadilisha?"

Kitinda alitazama dirishani. "Ni jina alilokuwa akiniita tukiwa wadogo."

Inspekta alitoka, akapanda ngazi taratibu kuelekea ghorofa ya juu. Goti lake la kushoto halikupenda ngazi, kwa hiyo alikuwa na muda wa kuyapanga mambo.

Folda haikuwahi kusamehewa. Mwenyewe hakuifungua tangu mwaka jana. Mkurugenzi hawezi hata kuingia kwenye klasta. Foleni, kama angekuwa akiifungua, angekiri pale pale ili ahadi yake ionekane imetimia. Kwa kanuni ya fagio, folda ile ilipaswa kuzolewa zamani, kabla hata majina mawili hayajatangazwa. Watu wote wa jengo lile walikuwa wanatafuta aliyeifuta leo. Inspekta alitaka kumjua aliyeiweka hai muda wote ule, tena bila kujua kwamba anaiweka hai.

Na huyo mtu, kwa sababu fulani, aliacha. Aliacha mwezi mmoja uliopita.

*

Ofisi ya dada mtu ilikuwa safi kupita kiasi. Vitabu vilipangwa kwa urefu, nyaya zimefungwa kwa utepe. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa wima kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kukuuliza kwa nini uliacha."

"Niliacha nini?"

"Kufungua folda ya mdogo wako."

Dada mtu alinyoosha mkono, akasogeza kikombe ambacho kilikuwa mahali pake.

"Sisemi umefuta," Inspekta aliendelea, sauti ile ile. "Anayefuta hahitaji kusoma mwezi baada ya mwezi. Mtu amekuwa akiifungua folda ile mara kwa mara, ndiyo maana fagio halikuigusa. Wenye ruhusa ni watatu. Mmoja hakuingia, mwingine hajui kuingia. Umebaki wewe."

"Kila asubuhi," dada mtu alisema hatimaye. "Nilikuwa na skripti, orodha ya amri ninayoiendesha kwenye programu ya takwimu. Inafungua modeli zake, inafungua zangu, inazipa takwimu mpya za wagonjwa za jana yake, inaniambia nani amekaribia ukweli zaidi."

"Na nani alikuwa akikaribia?"

"Usinifanye niseme, Inspekta."

"Sawa. Ulikuwa unatafuta nini?"

"Kosa. Moja tu. Hata dogo. Ningelala usingizi." Alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Wenzangu wanaamka wanaswali, wanachemsha chai. Mimi naamka kwenda kuangalia kama mdogo wangu amekosea."

"Kisha ukaacha."

"Walikuja wageni kwa mama. Mama akawaambia, huyu hapa ndiye mwanangu wa hesabu. Akamwonyesha Kitinda. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na sinia la vikombe." Alikirudisha kikombe pale kilipokuwa. "Wageni wakageuka kunitazama, mmoja akaniuliza, na wewe mama unafanya kazi gani? Nikamwambia nagawa chai."

"Ikakuuma zaidi."

"Hapana, ndio ikanichosha. Wivu nao ni ajira, Inspekta, tena bila likizo. Kesho yake niliifuta ile skripti. Nikalala mpaka jua likaingia chumbani. Nikajiambia, mwache, ni mdogo wako, mwache apite."

"Na kwa kuwa ulimwacha, hakukuwa tena na mtu wa kuifungua. Mwezi ukapita. Fagio likaja."

Dada mtu alimtazama. Ilionekana hesabu ile ilikuwa inaingia polepole, na ilipokamilika uso wake ukalegea. "Mungu wangu," alisema. "Kwa hiyo ningeendelea na roho mbaya yangu..."

"Ingekuwepo."

Inspekta akaelekeza kidole kwenye skrini. "Naomba unionyeshe ulivyokuwa ukifanya. Mimi hivi vitu nimejifunza kwa kubahatisha, nikiona kwa macho naelewa."

Dada mtu aligeuza kiti. Aliingia kwenye klasta, akaandika jina la programu ya takwimu, akabonyeza. Mshale ukasimama, ukawa unapepesa tu.

"Mbona inachelewa?"

"Yangu huchelewa. Imekuwa hivyo siku nyingi. Na nafasi yangu binafsi, ile ambayo fagio haliigusi, imejaa daima, Foleni ananisema kila akiniona."

"Imejaa nini?"

"Sijui. Sijawahi kuchunguza."

Programu ikafunguka. Akamwonyesha amri alizokuwa akizitumia. Zote sasa zilirudisha jibu moja, folda haipo. Alipomaliza aliiamuru programu ijifunge, nayo ikauliza kwenye mstari wa mwisho kama ihifadhi kila kilichomo. Kidole cha dada mtu kilikuwa tayari njiani kwenda kwenye ndiyo.

"Subiri," Inspekta alisema. "Swali hilo hulijibu nini siku zote?"

"Ndiyo. Huwa najibu ndiyo, bila kusoma. Ni mazoea."

"Kwa hiyo kila ulipomaliza kuzipambanisha modeli zake na zako, ulijibu ndiyo. Na ilihifadhi nini?"

Dada mtu alibaki na kidole hewani. Kisha, polepole, akakataa kuifunga, akaandika amri fupi ya kuiuliza programu ina vitu gani tumboni. Majina yakateremka kwenye skrini. Yake yalikuwepo. Na chini yake, moja baada ya jingine, modeli za surua za Kitinda, zote, kama zilivyokuwa asubuhi ile ya mwisho.

Kilichokuwa kikiichelewesha programu ndicho hicho. Kila siku ilikuwa inabeba kazi ya mtu mwingine mgongoni.

Chini barabarani gari lilipiga honi, likapita.

"Nikiziondoa hapa," dada mtu alisema bila kugeuka, "halafu nikajibu ndiyo?"

"Zinapotea moja kwa moja."

"Na nikikaa kimya?"

"Kesho jopo litasikiliza mtu mmoja mwenye modeli na mmoja mwenye picha. Hilo unalijua kuliko mimi." Inspekta alisimama, akalishika goti lake. "Mimi nimeitwa nijue nani kafuta. Hakuna aliyefuta, na hilo ndilo nitakalomwambia Mkurugenzi. Nani alikuwa akisoma ya nani ni kanuni yenu ya humu ndani, polisi haituhusu."

"Unaniachia mwenyewe?"

"Nakuachia."

"Wewe ni mtu wa ajabu sana."

"Dada yangu naye husema hivyo," Inspekta alijibu, akaufunga mlango nyuma yake.

*

Mkurugenzi alimsikiliza akiwa amesimama. Kitinda alikuwa amekaa kwenye kochi, Foleni ameegemea ukuta karibu na mlango, kofia mkononi. Inspekta alieleza kuhusu fagio, kuhusu msamaha ambao haukuwahi kutolewa. Foleni alikuwa anakitazama kiatu chake.

"Ulinidanganya," Kitinda alimwambia.

"Nilikupenda."

"Ungenipenda kwa kusema kweli, sasa hivi ningekuwa na kazi yangu!"

"Tulieni," Mkurugenzi alisema. "Kwa hiyo hakuna kosa la jinai?"

"Hakuna."

"Basi ratiba ya jopo inabaki kama ilivyo. Dada mtu atawasilisha. Wewe, binti, utawasilisha hicho ulichonacho." Alisema kwa upole, lakini wote mle chumbani walijua maana yake.

Kitinda aliinama, mikono imefunika uso. Sasa alilia, kilio cha chini chini cha mtu asiyetaka kusikika. Inspekta alitazama mlango. Alikuwa amekwisha kuaga, hakuwa na sababu ya kubaki, na alibaki.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa hodi. Dada mtu aliingia akihema. Inaonekana alikuwa ameshuka ngazi kwa kukimbia, jambo ambalo pengine hakulifanya tangu ujana wake.

"Modeli zako zipo," alimwambia mdogo wake. "Nimeziweka kwenye uwanja, nimekupa ruhusa uzihamishe. Zote. Usiziache tena mwezi mzima."

Kitinda aliinua uso uliolowa. "Umezitoa wapi?"

"Kwangu."

"Kwako wapi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Nilikuwa nazifungua kila asubuhi, mheshimiwa, nazipima na zangu. Zilihifadhika kwenye nafasi yangu bila mimi kujua. Nilizifungua kabla na baada ya kutia saini ile karatasi yako. Mpaka mwezi uliopita."

Mkurugenzi alivua miwani. "Unafahamu unachokisema? Jina lako linaondoka. Leo hii."

"Nafahamu."

"Hakuna aliyekulazimisha."

"Nafahamu, mheshimiwa. Nilikuwa na ngazi nzima ya kugeuka na kurudi."

Foleni alikohoa, akavaa kofia, akaivua. Kitinda alikuwa amesimama sasa, katikati ya chumba, mikono inaning'inia, kama hajui aizungushe shingoni mwa dada yake au ampige nayo.

"Kila asubuhi," alisema. "Ulikuwa unaisoma kazi yangu kila asubuhi."

"Kila asubuhi."

"Na uliona nini?"

Dada mtu alimtazama Inspekta kana kwamba anaomba msaada, lakini Inspekta alikuwa anasoma picha ya ukutani.

"Kwamba ni nzuri kuliko yangu. Nilitafuta kosa mpaka macho yakaniuma. Sikuliona."

Kitinda alicheka na kulia kwa wakati mmoja. "Tangu nilipoanza kuhesabu nasubiri uniambie hivyo. Na umekuja kuniambia mbele ya polisi!"

"Basi umesikia."

"Nimesikia." Akapiga hatua moja, akanyoosha mikono. "Dada..."

Dada mtu alirudi nyuma hatua ile ile, akaweka kiganja mbele.

"Ishia hapo hapo," alisema. "Nimesema ni nzuri kuliko yangu. Sijasema nimefurahi."